Vijidudu wa Deizi Hawashiki Sabato

Nyansiongo,
Jumapili, 14 Machi 1971

Kwa Bwana Daktari wa Mifugo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa ofisini. Mimi ni Jethro Nyangau, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe mmoja tu wa gredi, chotara wa kizungu, Deizi, aliyekuja na jina lake kutoka kwa mzungu aliyehama. Deizi anavimba kiwele na penisilini yako imegoma. Chuchu moja imekufa, ya pili inaanza kuwa ngumu. Mjukuu wangu Bitutu, aliyefiwa na mama yake akiwa mchanga, anategemea maziwa hayo. Kwa hiyo naandika kwa hasira, ila kwa heshima.

1. Uliniagiza nitie dawa siku tano mfululizo. Nilianza Jumatano, na Ijumaa uvimbe ukashuka. Jumamosi ni Sabato, nikaipumzisha dawa kama nilivyojipumzisha mimi. Vijidudu hawakupumzika! Jumapili nilimwona anacheua vizuri, nikaiweka mirija ya dawa iliyobaki kabatini karibu na Biblia. Ugonjwa umerudi mara mbili, nami mara zote nimefuata utaratibu huohuo. Sasa dawa ni kama maji ya mto.

2. Ulieleza barazani kwamba dawa huua kwanza vijidudu dhaifu, na ikikatizwa njiani, wenye nguvu hubaki wakazaana. Bwana Daktari, hilo ni somo letu! Wewe ndiwe uliyetufundisha kuchagua dume bora na kuwaondoa walio dhaifu zizini. Nataka kujua ni nani aliyewaruhusu vijidudu kuhudhuria somo hilo.

3. Ng'ombe wa jirani yangu Ombui alikuwa hajawahi kuonja penisilini maishani. Hata hivyo, tangu nilipomsaidia kukamua, ng'ombe huyo naye amevimba kiwele na dawa haimshiki. Ombui anasema vijidudu wamesomea kwangu wakaenda kuajiriwa kwake. Hatusalimiani.

Naomba basi dawa mpya, na jina lake lisitajwe karibu na zizi. Pia naomba chifu awaamuru vijidudu washike Sabato kuanzia machweo ya Ijumaa. Atakayekaidi ahamishwe wilaya.

Msalimie mama watoto, karani wako, na yule bwana anayechemsha sindano.

Ni mimi ninayeumia,
Jethro Nyangau

Nyongeza: Mke wangu Persis ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Ameniuliza Jumamosi zile Deizi alikamuliwa na nani. Nilimkamua mimi, asubuhi na jioni, nikamweleza kwamba hiyo ni kazi ya rehema, kwa maana ng'ombe akiachwa na maziwa huumia. Akaniuliza kumtibu ni kazi gani. Nimeichukua kalamu tena. Tafadhali leta dawa nyingine kama ipo, nitaitia siku zote tano, na kwa Ombui nitakwenda mwenyewe kuomba radhi. Malalamiko yabaki yalivyo, ila kila palipoandikwa vijidudu, soma Jethro.