Mgawa Anwani wa Chini ya Meza

Jumamosi, 3 Agosti

Hili sijamwambia mtu, hata mama mdogo ninayelala chumba kimoja na cherehani zake. Leo nimedanganya ukumbi mzima. Tena kwa sauti ndogo. Wote wakaamini!

Nilikwenda kwenye kikundi cha watumiaji wa Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, wanaokutana maktaba kila Jumamosi. Nilipanga kukaa nyuma, kimya kama kiti. Kumbe wana desturi mbaya: kila mtu husimama na kusema anasimamia mashine gani. Si jina lako, si umesoma wapi. Mashine! Fundi simu akasema ana seva moja ya kuhifadhi picha. Mwalimu wa hesabu akasema mtandao wa shule yake. Zamu ikafika kwangu. Masikio yakawaka moto. Nikasikia mtu anasema anasimamia mtandao wa nyumbani wenye mashine tatu. Mtu huyo alikuwa mimi.

Nyumbani kuna kompyuta moja, na juu yake kuna rundo la vitambaa.

Sasa sikia. Kiongozi wao, wanayemwita Dada Seva, ndiye msimamizi wa mitambo ya zahanati. Ametangaza kwamba anatafuta mwanagenzi wa kufanya naye kazi. Mmoja tu! Atamchagua baada ya mkutano ujao. Chumba chenye kiyoyozi, mashine zinapepesa taa za kijani! Nikikosa, mama mdogo ameshasema mwisho wa mwezi naanza kupima wateja wake viuno. Nimshike mtu nisiyemjua kiuno! Mimi ambaye hata salamu ya mwenye duka naifanyia mazoezi njiani.

Nina mpinzani. Nimempa jina la Bwana Najua. Ukimwambia nje kunanyesha, anajua. Aliniuliza natumia Linux ya aina gani. Nikamjibu, ya kawaida. Akacheka mpaka akavua miwani.

Jumatatu, 5 Agosti

Mpango! Uongo ukiufanyia kazi, unakuwa kweli. Nitatengeneza huo mtandao.

Nimehamisha vitambaa. Nimechomeka flashi yenye Linux niliyopewa na fundi simu. Kompyuta ikaniuliza kama ninataka kufuta kila kitu kilichomo. Niliona aibu kukataa.

Jioni mama mdogo akaketi kucheza karata zake za kwenye kompyuta, kama afanyavyo wateja wakikata mguu. Karata hakuna! Akasema eti amenipa chumba, hakunipa ruhusa ya kumzikia mchezo wake. Akasema mtaa mzima hakuna aliyefika ngazi aliyofika yeye. Akauliza sasa atawaonyesha nini mashoga zake, kaburi?

Nikatafuta, nikakuta Linux nayo ina karata. Akacheza. Akashindwa mara nne. Akasema hizi mpya zina akili, na chakula changu kiko mezani.

Jumatano, 7 Agosti

IMEKUBALI!

Nieleze taratibu. Kila mashine inayoingia kwenye mtandao inahitaji anwani, kama mgonjwa anavyohitaji namba ya foleni. Kuna mashine moja ambayo kazi yake ni kugawa namba hizo na kuwaonyesha wenzake mlango wa kutokea. Sasa mgawaji ni kompyuta yangu! Simu yangu iliomba, ikapewa. Simu ya mama mdogo iliomba, ikapewa. Ukijumlisha na kompyuta yenyewe, mashine tatu! Mimi si mwongo tena!

Kwenye kila anwani nimetia 77, ili ijulikane ni zangu. Mimi ni serikali!

Mama mdogo ameuliza faida yake ni nini. Nikamwambia simu yake sasa ina anwani. Akasema hata yeye ana anwani, na hakuna anayekuja kumtembelea.

Mpango wa pili: Jumamosi nitaibeba kompyuta mpaka maktaba. Sitasema neno. Nitaichomeka ukutani na kuiacha iwake, Dada Seva aione mwenyewe. Chema chajiuza.

Jumamosi, 10 Agosti

Balaa! Lakini balaa tamu, hata sijui nianzie wapi.

Nilifika kabla ya wote. Nikaiweka kompyuta juu ya meza. Nikaona haya. Nikaishusha chini ya meza. Haya haikuisha. Nikaifunika kwa kipande cha kitambaa chekundu cha mama mdogo, nikachomeka kebo ya mtandao ukutani, nikakaa mbele yake na sketi yangu pana.

Watu wakaingia, wakawasha laptop zao. Mtandao hakuna! Mwalimu wa hesabu, hakuna. Fundi simu, hakuna. Bwana Najua akasema anajua, ni ruta, mgawaji wa maktaba, imechoka. Akaizima, akaiwasha. Hakuna. Akasema anajua, ni swichi inayounganisha kebo. Hakuna. Fundi simu akamwambia, "Kaka, ukiendelea kujua hivyo tutarudi kuandikiana barua."

Raha iliyoje! Wote wamesimama, kila mtu anabashiri, kebo zinafuatwa ukutani kama nyayo za mwizi. Nami nikasimama! Nikashika kebo! Nikamwambia Mwalimu, mtu mzima, asogee kidogo. Nikasahau kuona haya.

Dada Seva akatulia, akasema kila mtu asome anwani aliyopewa. Mwalimu akasoma: sabini na saba imo. Fundi simu: sabini na saba. Bwana Najua: sabini na saba.

Nikarudi kitini, nikaitandaza sketi.

Dada Seva akasema humu ndani kuna mgawaji wa pili, anayewahi kugawa kabla ya ruta, na mlango anaowaonyesha watu hauendi popote. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Hakujua kiko nguoni mwa nani! Kilikuwa kinanipuliza hewa ya moto miguuni.

Nikaangusha kalamu. Nikainama kuiokota. Nikavuta kebo.

Bado mtandao hakuna! Kila laptop ilikuwa imeng'ang'ania anwani yangu. Jambo hili lilinipata nyumbani Jumatano na dawa yake ninaijua. Nikasema, kila mtu airudishe anwani aliyo nayo na kuomba upya. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Nikasema mara ya tatu kwa sauti ya kumfukuza kuku. Wakageuka wote. Wakafanya.

MTANDAO UKARUDI! Makofi! Mwalimu akanipa mkono. Fundi simu akaniita mganga. Bwana Najua akasema alikuwa karibu kusema hivyo hivyo.

Jumapili, 11 Agosti

Dada Seva amepiga simu. Nilisimama kumsikiliza, kama yuko chumbani.

Kwanza: NIMECHAGULIWA! Akasema wengine walikuwa wanajua, mimi peke yangu nilikuwa nimejaribu.

Pili: akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, nyumbani kwenu mnashona?" Amekuta uzi mwekundu umenasa kwenye tundu la kebo, nyuma ya kiti changu. Akacheka. Akasema na yeye aliwahi kuwazimia watu mtandao jengo zima, mchana kweupe. Sheria yake ni moja tu: kuharibu ruksa, kuficha marufuku. Ukitaka kugusa kitu, sema. Ukikiharibu, sema haraka zaidi. Nikiificha tena kazi yangu, nirudi kwetu nikashone.

Nimeapa. Nimemwapia na mama mdogo, ambaye hajui ninaapa nini. Kaitika amina bila kuinua macho kwenye karata.

Mimi ni mtu mpya!

Jumatano, 14 Agosti

Siku ya tatu kazini. Kiyoyozi kinaumiza meno. Napenda!

Dada Seva amenipa mashine ya mazoezi, ya kwangu peke yangu. Imo chumba cha ndani, kimefungwa, ufunguo uko kwenye mkoba wake. Mimi nakaa meza ya nje na kuiingia kupitia mtandao. Leo kaenda kikaoni. Kasema nisiguse kitu mpaka arudi.

Nikaona nimfurahishe. Nikaamua kuijengea mashine yangu ukuta wa ulinzi. Niliiamuru ifunge milango yote, kisha ifungue mmoja tu, ule ninaopitia mimi. Ikafunga yote. Pamoja na ule ninaopitia mimi.

Skrini imeganda. Nimejifungia nje! Lakini ukuta gani huo! Hakuna mwizi atakayeingia, hata mwenye mashine haingii! Katika kikundi kizima nani amewahi kujenga ukuta kama huu?

Najua, sheria. Nitamwambia. Kabisa. Ila nikiweza kuingia chumba cha ndani dakika chache, nikaishika mashine yenyewe kwa mkono, hakutakuwa na la kumwambia, na mtu hawezi kuficha kisichokuwepo. Hiyo ni hesabu tu.

Mpango: nitamwambia nimeona vumbi jingi kupitia kioo cha mlango, tena la hatari, anipe ufunguo nikalipanguse. Nimeshashika kitambaa.

Nasikia viatu vyake kwenye ukumbi. Wewe unayesoma, uso mkavu! Akikuuliza, hukuona kitu, umeona vumbi. Tunajua wawili tu, na ibaki hivyo hivyo.