Tumbo Langu na Pilau ya Harusi

Jumanne, 10 Januari 1956
Ushindi! Mzee Chirau amenikabidhi mimi, Chande, mwiko wa harusi ya bintiye. Ijumaa nitawalisha watu pilau hadi wajisahau. Jirani yangu Boga, aliyekuwa akiunyemelea mwiko huo, alinipa mkono wa pongezi huku kanuna.

Shida ni tumbo. Linaniwaka moto chini ya kifua tangu Ramadhani. Nakunywa vidonge vya kichwa, viwili viwili. Vikituliza kichwa, tumbo ni nini?

Jumatano, 11 Januari
Choo cheusi ti, kama lami. Mke wangu Mwanapili akataka twende hospitali leo hii. Nikamwambia ni zambarau. Akasema sijala zambarau msimu huu. Mwanamke ana kumbukumbu! Nikatoka mbio, nikanunua fungu zima, nikazila zote mbele yake. Sasa ana la kusema?

Tumbo limezidi.

Alhamisi, 12 Januari
Nimeinuka mkekani, dunia ikazunguka. Boga akapita, akasema midomo yangu imepauka, niende nikaonwe. Mjanja! Anataka nilazwe ili apike yeye. Mwanapili analia jikoni. Nampenda mno, lakini harusi ni kesho.

Jumapili, 15 Januari
Niko hospitali, Msambweni. Aibu iliyoje!

Ijumaa nilikuwa naonja pilau nikatapika damu, nyeusi kama mashapo ya kahawa, mbele ya wazee wote. Mwiko ukamwangukia Boga miguuni. Hakuuokota! Alinipakia kwenye baiskeli yake, Mwanapili akinishikilia kwa nyuma, wakanikimbiza huku. Pilau ikaungua yote.

Daktari amesema nina kidonda tumboni, kilikuwa kinavuja damu, na vile vidonge ndivyo vilivyokichokonoa. Ningechelewa kidogo, watu wangekuwa wananisomea hitima. Choo cheusi, kutapika damu, kizunguzungu, au maumivu ya ghafla kama kisu: mtu asingoje hata jua lichwe. Kisha akaniuliza habari za zambarau. Mwanapili amenichongea!

Nikaongezwa damu. Ya nani? Ya Boga. Sasa jamaa amenipenya hadi mishipani.

Jumanne, 17 Januari
Boga kaniletea uji, akaninywesha mwenyewe kwa kijiko. Nikashindwa kujizuia, nikalia. Akasema mwiko ni wangu daima, yeye anataka nipone tu. Hakuna jirani kama huyu pwani nzima.

Alipoondoka, tumbo likanikata ghafla hadi jasho likanitoka. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akanikuta nimejikunja, akauliza kama naumwa mahali popote.

Nikamjibu sijambo kabisa, alhamdulillahi, aniruhusu niende nyumbani. Jumapili kuna harusi Ukunda na bado hawajapata mpishi.