Jinsi Douglas wa Kenton Alivyoionja Bia Iitwayo Pole

Sogeeni, enyi watu wa Kingsbury na Queensbury, nanyi mnaongoja basi huku mmekumbatia mifuko ya unga. Tueni mizigo na mtege masikio, kwani nasimulia vita ambavyo havikuvunja hata gilasi moja. Nawe ulimi wangu, mama wa sifa na fitina, usiniteleze: leo tunamtukuza Douglas, Ndovu wa Kenton, Mfungua Chupa kwa Meno, muuguzi asiyetishwa na sindano wala zamu, aliyeionja bia dhaifu mchana kweupe mbele ya wakwe.

Ijulikane kwanza kwamba shujaa huyu alikuwa na sheria aliyojitungia mwenyewe. Katika kila harusi na kila nyama choma ya Wakenya wa upande ule wa London alisimama, kopo la bia kali mkononi, akatangaza kwamba bia ya Waingereza ni maji ya kusuuzia sufuria, na kwamba kinywaji kisichomwangusha mwanamume ni uji wa wagonjwa. Wanaume walimpigia makofi. Kisha kinywaji kikamwangusha, na mkewe Serah akamkokota hadi kwenye gari. Lakini hayo hayakuimbwa, maana waimbaji nao walikuwa chini.

Ikawa bintiye wa pekee, Gakii, akachumbiwa na kijana wa Kiingereza aitwaye Ryan. Ryan na mama yake mjane, Ann, walikuwa wameshakaribishwa Kenton, wakapewa muratina, ile pombe ya asali ambayo Douglas aliichachusha kwenye ndoo bafuni. Na Ann aliinywa pembe nzima bila kukunja uso, akaomba aongezwe. Sasa ilikuwa zamu yake kuwakaribisha wakwe, na akawaita Jumamosi alasiri katika baa ya mtaani kwake.

Ann akaenda kaunta, akarudi na sinia. Juu yake zilisimama gilasi zenye kinywaji cheusi chenye wekundu kwa mbali, kama chai ya rangi iliyolala, na povu jembamba lisilo na majivuno.

"Hii inaitwa mild," akasema, kwa Kiingereza ninachowaletea kwa lugha yetu; na mild kwetu ni pole. "Ni bia yetu ya zamani. Siku hizi ni adimu."

"Nguvu yake?" akauliza Douglas, kama jemadari anayeulizia jeshi la adui.

"Asilimia tatu," akajibu Ryan.

Hapo ndipo mbingu za Kenton zilipotikisika. Douglas aliitazama ile gilasi kama mfalme aliyeletewa punda wa kumpeleka vitani. Akajinyoosha kitini, akavuta pumzi, akahutubia dari ya baa kwa Kiswahili kipana:

"Enyi mababu mliolala Meru, mnaona? Mimi, niliyepambana na makopo yaliyowashinda wanaume wenye shingo nene, leo naletewa kinywaji cha kumwachisha mtoto ziwa! Na jina lake ni pole! Naambiwa pole, kwani nani amekufa?"

Serah akafumba macho. Ann, ambaye hakuelewa ila sauti, akamgeukia Gakii kwa tabasamu.

"Baba yako amesema nini?"

Oneni sasa jinsi nyumba mbili zilivyoning'inia kwenye ulimi wa msichana mmoja! Gakii alizaliwa London. Kiswahili alikisikia chote, ila alikijibu kwa Kiingereza tangu utotoni. Akamtazama baba yake. Akamtazama Ryan, aliyekuwa ameacha kupumua. Kisha akasema polepole:

"Anauliza kama marehemu baba yake Ryan aliipenda bia hii."

Ann akaiweka gilasi yake mezani.

"Aliipenda sana," akasema. "Alikuwa fundi wa mabasi. Alisema ni bia ya mtu anayetaka kukumbuka alichoambiwa na mkewe." Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. "Tangu tumzike sijapata moyo wa kuiagiza. Asante kwa kuuliza, Douglas. Watu hawaulizi tena."

Mishale, mikuki na risasi zimewahi kuwapata mashujaa. Lakini hakuna aliyepigwa kama Douglas alivyopigwa na shukrani ile asiyostahili. Masikio yalimwaka. Shingo yake ikaingia mabegani.

"Kunywa, Baba Gakii," Serah akamnong'oneza. "Na ukikunja uso, utanijua."

Basi Ndovu wa Kenton akanyoosha mkono, akaikamata gilasi kwa vidole vyote, akaipandisha taratibu kama bendera siku ya huzuni, akanywa. Haikuwa baridi ya kuuma meno. Ilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi. Ikapita ulimini na ladha ya ukoko, ikifuatwa na sukari guru iliyoshikwa na moto kidogo, ikashuka bila kumpiga ngumi. Akangoja ngumi. Haikuja. Akanywa tena, apate kuhakikisha.

"Unaionaje?" Ann akauliza.

Shujaa akatafuta maneno yake makubwa, asilipate hata moja.

"Si mbaya," akasema kwa Kiingereza.

Na katika nchi ile, ambako sifa hutolewa kwa kijiko cha chai, hakuna sifa iliyozidi hiyo. Ryan akapumua. Mzee wasiyemjua aliyekaa kaunta akaitikia kwa kichwa mara moja, jambo ambalo kwa Waingereza ni sawa na kupiga mizinga.

Wapo watakaosema kwamba Serah alikuwa ameimaliza yake tangu mumewe akihutubia mababu, naye alikuwa akimwuliza Ann kama anaweza kupata nyingine. Ni kweli. Lakini tenzi hazikutungwa kwa ajili ya watu wanaokunywa walichopewa.

Kisha Douglas akaweka gilasi chini, akamgeukia Ann, akasema kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia harusini:

"Mumeo aliitwa nani?"

Ann akamwambia. Akamwambia na gereji alikofanya kazi, na jinsi alivyoimba vibaya jikoni, na maneno aliyosema hospitalini. Na Douglas hakumkatiza.

Pigeni vigelegele, enyi wa Kenton! Yachorwe mawe, zipigwe zumari: Jumamosi ile, katika baa ya mtaani, mwanamume mmoja wa kwetu aliuliza swali, akangoja jibu mpaka mwisho.