Mate ya Bi Evanthia

Stamatis Karavelas,
Duka la Zawadi,
Mtaa wa Plaka, Athens.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wenye Maduka ya Zawadi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MATE YANAYONIHARIBIA BIASHARA

Pokea salamu zangu, na pole sana kwa mguu. Nimesikia uliteleza ngazini siku ileile niliyokusifia viatu vyako vipya. Dunia ina mambo.

Kama unavyofahamu, mimi nauza zawadi chini ya kilima cha Akropoli tangu nikiwa na nywele. Nauza sumaku za friji, sabuni za zeituni, bundi wa udongo, mashujaa wa plasta wasio na nguo, na zaidi ya yote shanga za jicho, zile za kioo cha buluu zinazomkinga mtu na husuda. Msimu huu wateja wamenikimbia. Mwanangu Thanasis, anayeishi Stuttgart, ameshatamka kwamba hali ikiendelea hivi nifunge duka nikakae kwake. Stuttgart, Ndugu Mwenyekiti! Nitakaa kwenye kochi nitazame mvua, na kila nikiingia niambiwe nivue viatu. Naogopa, nakwambia wazi. Ndiyo maana naomba mkutano wa Ijumaa umwondoe Bi Evanthia Rodaki kwenye uchochoro wetu, kwa sababu zifuatazo:

1. Bi Evanthia, mjane, ana kibanda kinachotazamana na mlango wangu. Anauza shanga zilezile ninazouza mimi. Anayetuletea ni mtu mmoja, katoni ni moja, na sote wawili tunabandua kile kikaratasi kinachosema zimetengenezwa wapi. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi ni kwamba mtalii akishalipa, mama huyu humshika kidevu, humtazama vizuri, kisha humtemea mate mara tatu, tfu, tfu, tfu, ili asipigwe jicho njiani. Ni mate makavu, ya sauti tu, kama sisi sote tulivyotemewa na bibi zetu kila tuliposifiwa, sifa isije ikageuka jicho. Lakini watalii wanapagawa. Wanapanga foleni. Wengine wanakwenda hotelini kuwaita wake zao waje kutemewa. Mimi natoa mfuko wa karatasi na risiti, na sijamwona bado mtu aliyepanga foleni kwa ajili ya risiti.

2. Nilijaribu kushindana naye kihalali. Alikuja mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, mwenye heshima zake, akanunua ushanga. Nikamsifia macho, kisha nikatema. Kwa kuwa sikuwa na mazoezi, yakatoka mate yenyewe. Nilishinda kituo cha polisi wa watalii nikijieleza. Askari wa zamu, kijana wa Krete, aliniuliza kama nina kisasi na Wajerumani. Nikamwuliza mbona Bi Evanthia anatema kutwa nzima na anapigwa picha. Akanijibu, "Mzee wangu, yule anafanana na bibi yangu. Wewe unafanana na mtu anayewatemea watu mate." Sasa hiyo ni sheria au ni sura? Katiba yetu inasema mwanamume na mwanamke ni sawa. Haikusema isipokuwa kwenye mate.

3. Tangu siku hiyo kichwa kinaniuma. Sahani zenye picha ya hekalu zimeanguka zenyewe kutoka rafuni, na mashine ya kadi imekataa kusoma kadi. Ni dhahiri nimepigwa jicho, tena nikiwa ndani ya duka lenye shanga elfu tatu za kuzuia jicho. Nilimpigia simu muuzaji wa jumla kumlalamikia ubora wa mali yake. Akaniambia ushanga humkinga anayeuvaa, haumkingi anayeuuza. Nikavaa kumi na moja. Kichwa hakikupona, na shingo nayo ikaanza kuuma.

4. Dawa ya jicho kila Mgiriki anaijua. Mafuta ya zeituni yanadondoshwa kwenye maji, dua inasomwa, na msomaji anapiga miayo mpaka machozi yanamtoka. Marehemu mke wangu Polyxeni alikuwa akiniondolea, hata kwa simu nikiwa sokoni. Leo uchochoroni anayeijua dua hiyo amebaki Bi Evanthia peke yake. Yaani anayeniua kibiashara ndiye mwenye dawa yangu mkononi. Huu ni ukiritimba, na kanuni za Chama zinaukataza. Na mimi sitakwenda kumpigia magoti, hata kichwa kipasuke.

5. Kwa hiyo napendekeza mate yote yanayotemwa katika eneo la biashara yatozwe kodi. Kila mwenye kutema awe na leseni, na kabla ya kuipata atahiniwe mbele ya kamati, kamati ikiwa imetemewa. Wanaume tutengewe nafasi maalumu. Ikishindikana, Bi Evanthia ahamishiwe bandarini Piraeus, ambako upepo ni mwingi na mate hayafiki mbali.

Nisalimie kamati nzima, mama mkwe wako, padri wetu, na yule paka anayelala juu ya mafaili.

Ni mimi mwanachama wako mwaminifu, mwenye maumivu ya kichwa,

Stamatis Karavelas

N.B. Kabla sijaituma barua hii mambo yametokea. Jana Thanasis amewasili na mkewe na mtoto wao, mjukuu wangu wa kwanza, atakayebatizwa Jumapili kwa jina langu. Mtoto mzuri ajabu. Nilianza kumsifia uwanja wa ndege, mashavu, mapaja, nyusi, na sikunyamaza mpaka tumefika nyumbani. Leo asubuhi akalia, akakataa kunyonya, akalia tena mpaka sauti ikamkauka. Daktari akampima, akasema hana kitu. Nikambandika shanga saba, akazidi. Mkwe wangu naye akaanza kulia. Basi nikambeba mtoto nikavuka uchochoro.

Bi Evanthia alijua nilichokuwa naandika, kwa sababu hapa kwetu hakuna asichokijua mtu. Alimpokea hivyohivyo. Akamtazama, akasema, "Mtoto mbaya huyu, kama bundi," akamtemea tfu, tfu, tfu, akadondosha mafuta, akapiga miayo mpaka akafuta machozi kwa aproni yake ya kazini. Mtoto akalala begani kwake. Nilipotoa pochi alinikasirikia. Nikamwomba basi anitajie aliyemtia mjukuu wangu jicho, nimwongeze kwenye malalamiko haya.

"Ni wewe, Bwana Stamatis," akasema. "Unasifu kila kitu na hutemi. Miaka yote ile Polyxeni alikuwa akitembea nyuma yako akikitemea kila ulichokisifia, wateja, sahani, hata mimi. Ulidhani duka lilisimama kwa shanga?"

Ndugu Mwenyekiti, nimerudi dukani nikakaa kwenye kiti cha marehemu Polyxeni, sijafungua mlango mpaka sasa. Sikuwahi kugeuka nyuma hata mara moja. Naomba namba 1 hadi 5 zifutwe, Bi Evanthia asihamishwe popote, na Chama kikiona inafaa, kibanda chake kisogezwe hadi mlangoni kwangu, nyuma ya pale ninaposimama.