Kidole cha Kinanda

Kazi ya kutapeli watu, ukiitazama vizuri, ni kazi ya kuamka mapema. Mvivu hawezi kuwa tapeli. Mvivu huishia kuwa mwizi tu, akapigwa mawe. Kinanda alilijua hilo tangu ujana, na ndiyo maana asubuhi ile, wakati wenye kazi halali bado wanatafuta soksi, yeye alikuwa ameshapanga meza yake kwenye kibaraza cha posta: chupa mstari mmoja, kipimo cha sukari katikati, na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likatisha.

Jina la Kinanda alipewa mtaani kwa sababu ukimbonyeza popote anatoa wimbo unaoutaka wewe. Aliwahi kuwa wakala wa safari za ng'ambo, na abiria wake hadi leo wanasubiri ndege. Aliwahi kuwa dalali wa viwanja. Sasa alikuwa tabibu wa kisukari, na kwa maoni yake mwenyewe hajawahi kufanya kazi safi kama hii.

Ujanja wenyewe ulikuwa hivi. Mteja akifika, Kinanda humshika mkono kwa heshima zote na kumpaka mafuta vidoleni, "ili sindano isiume." Ndani ya mafuta yale alikuwa amekoroga unga wa glukosi, ule unaouzwa maduka ya dawa. Kidole kikichomwa, tone la damu linachanganyika na utamu ulioko juu ya ngozi, na kipimo, chombo kisicho na akili, kinasema ishirini na mbili. Mtu mzima wa afya, aliyeamka na sukari yake ya tano, akiiona ishirini na mbili anatoa pochi mwenyewe. Hapo Kinanda humnywesha funda moja la dawa, kisha humwosha mikono kwa sabuni "kutoa jasho la ugonjwa," na kumpima tena. Tano! Ndani ya dakika tatu! Watu walilia machozi. Mama mmoja alilibusu koti.

"Tabibu! Tabibu wangu!"

Aliyekuja akiita ni Seremala, mwanamume mpana mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, aliyenunua chupa Jumatatu. Leo Alhamisi alikuwa amerudi akiyumba kidogo, midomo imemkauka, lakini anatabasamu meno yote nje.

"Nimeacha sindano!" alisema. "Siku ya tatu hii. Nimemwambia dada yangu akazitupe jalalani."

Kinanda alihisi kitu kikimchoma moyoni. Tumtendee haki: wagonjwa wa kweli hakuwataka. Alipendelea watu wazima wenye hamu ya kupona maradhi wasiyokuwa nayo. Mgonjwa wa kweli anaweza kufa, na mteja akifa, ndugu zake huja kuuliza maswali. Alikuwa anatafuta njia ya kumrudisha huyu bwana kwenye sindano zake bila kurudisha hela, Seremala akaendelea.

"Tuna kikundi chetu, tabibu. Watu thelathini, wote wa sukari. Kila Alhamisi tunakutana ukumbi wa nyuma ya zahanati, tunapimana, tunatiana moyo. Dada yangu ndiye mwenyekiti. Habari zako hataki kuzisikia, anasema mpaka akuone kwa macho. Akikukubali yeye, wote watakufuata."

Thelathini! Kile kitu kilichokuwa kikimchoma moyoni kilitulia palepale.

"Mnakutana saa ngapi, ndugu yangu?"

"Saa tatu."

Kinanda akamalizia chupa yake ya maji ya kunywa, ya tatu tangu alfajiri, maana kazi ya kusema hukausha koo. Akabeba boksi moja la dawa na Seremala jingine, wakaenda.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, picha ya unyayo ukutani yenye mishale ya kuonyesha mahali vidonda hupenda kuanzia, na kabati dogo lenye biskuti na kopo la glukosi kwa ajili ya mtu ambaye sukari yake itashuka ghafla. Kwenye kona palikuwa na sinki, sabuni, na taulo la bluu kwenye msumari. Mlangoni alisimama dada yake Seremala, fundi cherehani mstaafu ambaye bado alivaa futi ya kupimia shingoni. Kikundi kizima kilimwita Shangazi.

"Karibu, tabibu, karibu sana," alisema, kwa upole uliozidi kidogo. "Ila tuna desturi. Hapa hakai mtu kabla ya kuosha mikono na kupimwa. Awe mgonjwa, awe mgeni, awe waziri."

"Desturi nzuri, Shangazi. Usafi ni nusu ya tiba."

Wakaanza wao, mmoja mmoja. Mtu anaosha, anajifuta kwa leso yake, anachomwa, namba inatajwa kwa sauti, na wote wanajibu, "Tumesikia." Hawasifu, hawalaumu. Dereva wa lori alipata tisa. "Tumesikia." Muuza mitumba alipata kumi na nne, akasema haraka, "Kulikuwa na harusi jana, jamani." "Tumesikia," wakamjibu, ingawa wawili walicheka.

Seremala aliosha, akajifuta kwenye shati lake.

"Ishirini na nne," alisoma Shangazi.

Safari hii jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa la chini. Shangazi alimshika mdogo wake bega.

"Mdogo wangu, chomwa sindano yako sasa hivi. Nakuomba."

"Dada, subiri tabibu aseme."

Shangazi akamgeukia Kinanda. "Mwaka juzi aliacha hivihivi, tabibu. Tulimbeba hospitali juu ya mlango alioutengeneza mwenyewe, hajui hata jina lake. Leo naona kabisa tunaelekea huko. Mimi nimesema, muuguzi amesema, hawa wote wamesema. Anakusikiliza wewe peke yako."

Sasa hapo mtu mwenye haya angetafuta mlango. Kinanda alitafuta sinki. Kichwani mwake hesabu ilikuwa nyepesi: mkono wake hauna mafuta, akiosha atapata tano, na tano ni tangazo zuri kuliko yote.

"Ndugu zangu," alisema, akikunja mikono ya koti, "mnayemwona mbele yenu alikuwa na thelathini na moja! Madaktari walinikatia tamaa. Mama yangu alishanunua sanda. Leo nipimeni, muone kazi ya chupa moja."

Akaosha kwa madaha kama anayekwenda kupasua moyo wa mtu, akajifuta kwa lile taulo la bluu, akatoa kidole. Shangazi akachoma.

"Ishirini na saba."

"Tumesikia!" ukumbi mzima ukajibu.

Kinanda alicheka. "Kipimo chenu kibovu."

Dereva wa lori akaja, akaosha, akapunga mikono hewani ikakauka, akapimwa kwa kipimo kilekile. Tisa. Kinanda akaacha kucheka. Akarudi sinki, akasugua mpaka kwenye viwiko, akajifuta kidole kimoja kimoja, akachagua kidole kingine na kipimo chake mwenyewe cha kutoka kibarazani.

Ishirini na tano.

Alikinga maji ya bomba akayaonja. Akanusa sabuni. Kisha, mbele ya watu thelathini wenye akili timamu, tabibu akailamba sabuni.

"Ina ladha gani?" aliuliza muuza mitumba, ambaye alikuwa na udadisi wa kweli.

"Ya sabuni," Kinanda alijibu kwa sauti ya kufifia.

Mtu mwingine angejifariji kwamba vipimo hukosea. Masikini Kinanda hakuwa na pa kujifariji. Chini ya jua hakuna aliyejua uongo wa kipimo kile kuliko yeye, na uongo wote alikuwa ameshauosha kwa mkono wake, mara mbili. Jasho jembamba lilimtoka shingoni. Aliitazama picha ya unyayo ukutani, akakunja vidole vyake ndani ya viatu.

"Pole, tabibu," alisema Shangazi. "Bahati nzuri umekuja na maboksi mawili." Akafungua chupa, akajaza glasi mpaka juu, akampa.

"Kunywa, tabibu!" Seremala alishangilia. "Dakika tatu tu!"

Kinanda aliitazama glasi. Ilikuwa ya kijani, na kitu kidogo kilikuwa kinaelea ndani yake.

"Si hii," alisema.

"Si hii kivipi?"

"Nataka ya hospitali."

"Lakini hii imemponya mdogo wangu."

"Haijamponya mtu!" Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. "Ni majani ya nyuma ya choo changu! Mbuzi wa jirani ameyanusa akaondoka! Natia glukosi kwenye mafuta, nawapaka watu, halafu nawaosha! Hakuna dawa humo! Niitieni muuguzi, jamani, nitakufa!"

Seremala alikaa chini taratibu, kama mtu aliyevunjikiwa na kiti alichokitengeneza mwenyewe.

"Kwa hiyo ile tano yangu ya Jumatatu..."

"Ile ishirini na mbili ilikuwa mafuta yangu, na ile tano ilikuwa ya mteja aliyekutangulia, niliirudisha kwa kubonyeza mashine! Wewe ni mgonjwa, bwana! Chukua sindano yako, unangoja nini? Unataka kubebwa tena juu ya mlango?"

Seremala akanyoosha mkono bila kumtazama mtu. Shangazi akafungua mkoba wake na kutoa chupa ndogo ya chai, ile ya kutunza baridi, na ndani yake zilikuwamo dawa na sindano alizoagizwa akazitupe. Seremala akavuta dozi yake, akapandisha shati, akachoma. Muuza mitumba alishakimbia kumwita muuguzi, akarudi na jibu kwamba atakuja akimaliza foleni. Shangazi alilia kidogo kwa furaha, akajifuta kwa ncha ya futi yake. Siku tatu alikuwa amelala nusu usingizi, sikio limeelekezwa chumba cha mdogo wake.

Kisha akaenda kwenye msumari, akaliangua taulo la bluu.

"Hili nimeliroweka jana kwenye maji ya glukosi, nikalianika," alimwambia Kinanda. "Wenzangu niliwaambia waje na leso."

Kinanda alikilamba kidole chake.

"Ulidhani ujanja huo umeuanza wewe? Mwaka wangu wa kwanza wa sukari nilimenya embe, nikajipima bila kunawa, nikapata ishirini na tisa. Niliandika wosia. Cherehani nikamwachia jirani, na akaja kuichukua!"

Ukumbi uliangua kicheko cha kushika mbavu. Hata Seremala alicheka, ingawa kwa haya. Na Kinanda, alipoelewa kwamba amepigwa, na kwamba haumwi, alicheka kuliko wote. Uhai ulimrudia mwilini. Alivuta koti, akatengeneza kola.

"Shangazi, nakuvulia kofia. Miaka ishirini kwenye kazi, naangushwa na taulo! Sasa nipime vizuri, niondoke na tano yangu kwa heshima."

"Hapana haja, mwanangu. Nenda tu, na kibarazani tusikuone tena."

"Haki yangu hiyo! Mmenitangazia ishirini na saba mbele za watu."

Akaosha. Mikono akaikausha kwa kuipunga hewani, akicheza kidogo, watu wakimpigia makofi. Akatoa kidole. Shangazi akachoma, akatazama, na makofi yakafa moja moja.

"Kumi na saba," alisema.

Kinanda alilitazama taulo: lilikuwa begani kwa Shangazi, mbali. Akazitazama nyuso. Kusoma nyuso ndiyo iliyokuwa elimu yake, na alitafuta hata moja inayoficha kicheko. Hakuipata. Shangazi alibadili kipimo, akabadili kidole, akachoma tena kwa uangalifu.

"Kumi na saba."

"Tumesikia," alisema Seremala, wa kwanza, kwa sauti ya kumtaka radhi. Wengine wakafuata.

Kisha wakamjia wote kwa pamoja, viti vikikwaruza sakafu. Usiku unaamka mara ngapi kukojoa? Nne, alisema Kinanda. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemshangaa, akasema tano. Macho yanafifia? Mara nyingine. Umepungua? Suruali hii ilikuwa inambana. Waliitikia kwa vichwa kila alipojibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu utotoni kuulizwa maswali mengi kiasi kile na kujibu yote kwa ukweli.

"Kesho asubuhi hospitali, kabla hujala," alisema Shangazi. "Watakupima upya, watakwambia wao."

"Nitakupitia mimi," alisema Seremala.

"Halafu?" aliuliza Kinanda.

"Halafu labda vidonge. Utatembea. Utakula kwa mpango. Utaangalia nyayo zako kila jioni. Na Alhamisi unakuja hapa."

"Kwa muda gani?"

"Mimi huu mwaka wa kumi na tisa," alisema Shangazi.

Kinanda aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akainama kumkaribia, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Shangazi, na... hakuna kitu cha mara moja? Cha kunywa tu, mtu akapona?"

"Kipo," alisema Shangazi, akamsogezea maboksi yake mawili kwa mguu. "Nasikia ni dakika tatu."