Kamati Iliyoingia Pangoni Kinyumenyume

Hivi wewe, umewahi kutambulishwa rasmi kwa pango ulilolichezea tangu hujaota meno ya pili? Ruthu wa Chilonje alitambulishwa, akiwa na miaka yake sitini na saba. Pango lenyewe liko nyuma ya shamba lake la zabibu, hatua mia mbili na kumi kutoka jikoni, maana aliwahi kuzihesabu akiwa na ndoo kichwani. Lakini barua ilisema pango hilo halijulikani mpaka litakapotambuliwa, na barua ilikuwa na mhuri. Ruthu akaona aibu kidogo, kwamba miaka yote hiyo amekuwa akiingia mahali pasipojulikana.

Barua hiyo hiyo ilitangaza jambo kubwa. Imeundwa Kamati ya Uratibu wa Ziara Unganishi, kwa kifupi KAUZU, na hakuna aliyecheka, kwa sababu kifupi hicho kilipitishwa kwa kauli moja. Kazi ya KAUZU ilikuwa kuunganisha vitu vitatu ambavyo hadi hapo vilikuwa vikiishi kila kimoja kivyake: magofu, mapango na mvinyo. Mtalii angeondoka mjini asubuhi, akastaajabu magofu saa tatu, akaingia pangoni saa tano, akaonja mvinyo saa saba, na jioni akarudi hotelini akiwa ameunganika.

Kwanza, hata hivyo, ilitakiwa Ziara ya Majaribio. Kamati ikiridhika, basi la watalii lingefika Chilonje kila Jumamosi. Isiporidhika, lingepita likatimulia watu vumbi. Ruthu alikuwa na mapipa mawili ya mvinyo kibandani, na mvinyo haujui kusubiri kikao kijacho.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Alitaka kuwaongoza wageni yeye mwenyewe. Nafasi ilitangazwa, fomu akaletewa, akaisoma mpaka chini. Walidai cheti cha kidato cha nne. Yeye aliishia darasa la saba, ingawa kwa mwandiko mzuri. Akaikunja ile fomu mara nne, akafunikia chungu cha maziwa. Kamati ikampa nafasi nyingine, ya Mwenye Pango, ambayo majukumu yake yalikuwa kuhudhuria.

Alhamisi saa mbili na nusu gari jeupe likafika. Akashuka Mwenyekiti, Mheshimiwa Nathanaeli, suti ya bluu, mkazi wa Ipagala, mjini Dodoma. Akafuata Sila, Katibu wa Kamati ambaye pia ni Msimulizi Rasmi, kakumbatia jalada. Nyuma alikuwa Bi Vasanti, mama mwenye duka la vitambaa mjini, aliyeteuliwa kuwa Mtalii. Dereva Hasani akabaki akifuta kioo.

"Mbukwenyi! Karibuni sana," Ruthu akawasalimu kwa Kigogo, akapiga goti kidogo kwa furaha.

Mwenyekiti alitaka kuitikia, mdomo ukafunguka kabisa, lakini Sila akamwonyesha ratiba. Salamu zilikuwa kipengele cha sita.

"Kwa mpangilio wa itifaki," akasoma Sila, "atatangulia Mwenyekiti, afuate Katibu, afuate Mtalii, afuate Dereva, kisha Mwenye Pango."

"Yaani mimi wa mwisho?" aliuliza Ruthu.

"Wa tano, mama. Mwisho hatujaupangia mtu."

Bi Vasanti akamsogelea Ruthu, akamnong'oneza, "Shoga, mimi nimezaliwa Dodoma, na mama yangu kazaliwa Dodoma. Nimewaambia. Wakasema nina sura ya kutoka mbali."

Kituo cha kwanza kilikuwa boma la Mjerumani, kilimani. Limebaki na kuta tatu na ngazi moja ya kupandia, ambayo haipandishi popote. Sila akasoma kurasa mbili. Mwisho wa ukurasa wa pili paliandikwa kuwa hapo mtalii hustaajabu. Wote wakamgeukia Bi Vasanti.

"Mtalii, tafadhali staajabu," akasema Mwenyekiti.

"Nimeshastaajabu."

"Haikuonekana."

"Nilistaajabia moyoni, baba."

"Fomu haina nafasi ya moyoni."

Bi Vasanti akatoa macho, akashika mashavu mawili, akasema "Haa!" mpaka kondoo wa jirani wakainua vichwa. Sila akaandika: mshangao, kiwango cha juu.

Wakateremka mpaka pangoni, na hapo likatokea suala. Mlango wa pango ni mfupi, unakufika kiunoni. Wazee waliuacha hivyo kwa makusudi, maana anayeingia ameinama hawezi kurusha mkuki. Ruthu akanyoosha kidole aeleze.

"Maoni yaje kwa maandishi," akasema Mwenyekiti, hakuacha kuutazama mlango. Akamvuta Sila pembeni. "Nitainamaje mbele ya mtalii? Kiongozi hainamishi kichwa. Akipiga picha je?"

Wakashauriana dakika kumi na tano. Uamuzi uliotoka ulikuwa wa busara: Mwenyekiti ataingia kinyumenyume. Kwa njia hiyo uso wake utabaki umewaelekea wananchi muda wote, na kitakachoinama mbele ya pango ni upande ule anaokalia vikaoni. Akageuka, akachuchumaa, akautanguliza. Suti ya bluu ikazama taratibu, ikabaki tai, ikabaki tabasamu, halafu likabaki giza.

"Ingieni!" sauti ikatoka ndani. "Kwa utaratibu uleule!"

Wakaingia wote kinyumenyume. Bi Vasanti alicheka mpaka ukanda wa sari ukamkaba. Ruthu, wa tano, ndiye peke yake aliyeingia kichwa mbele, kwa mazoea, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amebaki nje wa kumwona.

Sasa tulia nikueleze walivyokaa. Kwa kuwa waliingia nyuma mbele, walijikuta wameuelekea mlango, na kwa kuwa Mwenyekiti hakugeuka, hakuna aliyegeuka. Sila akamulika ukurasa wa saba kwa tochi ya simu.

"Mkono wenu wa kulia mtaona michoro ya kale, wekundu wake haujafifia. Tazama twiga. Tazama watu warefu wakicheza ngoma."

Wakatazama kulia. Maandishi hayo yalitungwa kwa ajili ya mtu aliyeingia kama watu wanavyoingia. Michoro ilikuwa kushoto kwao, mgongoni kwa Hasani. Kulia kwao palikuwa na ukuta mweusi wa masizi, ambao Ruthu mwenyewe aliufukiza mwaka juzi akifukuza nyuki.

"Naona twiga," akasema Mwenyekiti.

"Shingo hii hapa," Sila akaunga mkono, akaonyesha ufa.

Ruthu akanyoosha kidole tena. "Samahani, baba, michoro iko..."

"Kwa maandishi, mama. Tukisikiliza kila mtu, historia haitaisha leo."

Basi wakastaajabu masizi, wakajaza fomu, wakatoka. Ruthu alipofika nyumbani akaingia ndani kwanza, akachana karatasi ya daftari, akaandika mstari mmoja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaja kuhudumia.

Alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, kando ya kibanda, na bilauri nne zilizosuguliwa kwa majivu hadi zikang'aa. Pembeni kulikuwa na kuku wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda, na sinia la zabibu mbichi. Akamimina mvinyo. Ulikuwa mwekundu mzito, na Ruthu akaangalia lisimwagike hata tone, maana hapo ndipo basi la Jumamosi lingekuja au lisije.

Hakuna aliyenyanyua bilauri.

"Fomu inataka saini za wajumbe wawili walioonja," akasema Sila. "Lakini mtumishi haruhusiwi kileo saa za kazi. Kazi inaisha saa tisa na nusu. Kuonja kumepangwa saa saba."

"Aonje dereva," akasema Mwenyekiti.

"Mimi situmii," akasema Hasani, "na ningetumia, naendesha."

"Aonje Mtalii."

"Hata mie situmii," akasema Bi Vasanti, zabibu mbili ziko mdomoni. "Hamkuniuliza."

Ruthu akatazama bilauri zake. Mtu unaweza kukosa basi kwa mvinyo mbaya, utaelewa. Kulikosa kwa sababu ya saa?

Lakini Mwenyekiti hakuwa mtu wa kushindwa na saa. Aliitisha kikao cha dharura palepale, wajumbe wawili, akidi imetimia. Kikao kikaazimia kwamba, kwa kuzingatia ukali wa jua la Chilonje na maslahi mapana ya ziara, saa tisa na nusu ya alasiri ifike sasa hivi.

"Sasa hivi, au nikimaliza kuandika?" aliuliza Sila.

"Ukimaliza kuandika. Tusije tukanywa kinyume cha sheria."

Sila akaandika, akapiga mstari, saa za kazi zikaisha. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Mwenyekiti akaonja. Akaonja bilauri nzima, kwa uhakika, na nyingine kwa kulinganisha.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa, "hii kitu ni tamu." Akafuta mdomo. "Sila, fomu tutamalizia mjini. Hasani, washa gari."

Hasani alikuwa na paja la kuku. Hakunyanyuka.

"Haiwezekani, mzee. Saa za kazi zimeisha."

"Ndiyo zimeisha. Twende."

"Gari la umma halitembei nje ya saa za kazi bila kibali. Waraka wako mwenyewe umebandikwa pale juu ya usukani. Uliutoa baada ya lile gari kukutwa na magunia ya mkaa."

"Basi nakupa kibali."

"Kibali hutolewa na mtumishi aliyeko kazini."

"Sila! Andika, kikao cha dharura, tunarudi kazini."

Sila alikuwa ameshafungua jalada, uso umempauka. "Kikao nje ya saa za kazi ni batili, Mwenyekiti. Ulikataza mwaka jana, baada ya wale waliokutana Jumapili."

"Kazi zinarudi lini?"

"Kesho saa moja na nusu asubuhi."

Mwenyekiti akapiga simu mjini kuomba msaada. Aliyepokea alimsikiliza kwa heshima, halafu akamwambia maombi yaje kwa maandishi. Palikuwa na bodaboda njia panda, lakini kuna mwongozo unaomkataza Mwenyekiti kupanda kitu kisicho na milango, na aliyeutunga unamjua. Bi Vasanti alikuwa anafuatwa jioni na mwanawe Asif, ila gari la Asif lilikuwa limejaa majora ya vitambaa hadi kiti cha mbele.

"Kwa hiyo mpaka kesho wewe si Mwenyekiti," akasema Bi Vasanti, akihesabu kwa vidole kana kwamba anapima kitambaa. "Ni Nathanaeli tu. Nathanaeli niliyemkatia kaptura ya shule ya kaki, mama yake akaniomba nimwongezee upindo. Hebu msalimie mwenyeji wako."

Nathanaeli akasimama. Bila ratiba hakujua aweke wapi mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti ule, ugali unapoa."

Wakala. Hasani akasimulia habari za barabarani, halafu wakacheka, na mlenda ukaisha. Nathanaeli alivua koti. Akauliza, kama mtu asiye na cheo anavyouliza, sasa mchana wote huu watafanya nini.

"Mimi niliahidiwa michoro," akasema Bi Vasanti. "Mpaka sasa nimestaajabu masizi."

"Masizi gani? Si tulimwona twiga?" akauliza Nathanaeli.

Ruthu akafungua pindo la kanga, akampa ile karatasi. Nathanaeli akasoma kwa sauti. "Michoro iko nyuma yenu."

"Mama! Mbona hukutupatia?"

"Niliandika kama mlivyosema. Nikauliza nimkabidhi nani, Katibu akasema kupokea maandishi ni kipengele cha kumi na moja. Tulikuwa kwenye cha tisa."

Sila akalitazama jalada, ambamo twiga alikuwa ameshasainiwa na wajumbe wote wawili. Nathanaeli akaisoma tena karatasi, safari hii kimoyomoyo. Akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati.

"Mwandiko mzuri," akasema. Kisha akamtazama Ruthu usoni, jambo ambalo halikuwa na kipengele. "Mama, wewe unataka nini hasa?"

Ruthu alikuwa na jibu la adabu, lile la hakuna baya, mwanangu, karibuni tena. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Akalimeza. Akajifuta mikono kwa kanga, akasimama, akajifunga kiuno.

"Nataka nitangulie mimi," akasema. "Leo, na kila Jumamosi. Na kesho saa moja na nusu, mkishakuwa kamati tena, mliandike hilo kabla gari halijawashwa. Haya, inukeni. Mnifuate, na safari hii kila mtu atangulize kichwa."