Kuomba Pikipiki Yangu Iharibiwe Upya

Kwa Mjomba, Fundi Mkuu wa Karakana,

Shikamoo Mjomba. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi mpwa wako, msambaza mikate, ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imeharibika, na aliyeiharibu ni wewe, kwa mikono yako miwili na seti nzima ya spana.

Wiki iliyopita, nikiwa nimelala na homa, uliichukua pikipiki yangu bila kuniuliza, ukaitengeneza. Ulidhani unanisaidia. Kwa heshima zote, naomba nikueleze ulichokifanya.

1. Bomba la moshi. Lilikuwa na tundu kwenye kiungo, na kila nilipoachia mafuta lilipiga kama mlango uliobamizwa. Yule dada mshonaji wa pale mlimani alilisikia nikiwa bado mtaa wa chini, akapata nafasi ya kutoa pini mdomoni na kusogea mlangoni. Wewe umelilehemu, ukabadilisha hata gasketi ya kuzibia kiungo. Sasa napita kama paka. Juzi nimempita akiwa amenipa kisogo.

2. Mngurumo. Zamani nikiachia mafuta tu, injini inazima. Na kwa kuwa mlangoni pake pana tuta, lazima niachie. Kwa hiyo kwa miezi saba imezima palepale, kila asubuhi, saa moja na robo. Nachuchumaa, nafungua plagi, naipuliza, naifunga. Yeye ananiletea kitambaa cha kufutia mikono. Tumeongea mambo mengi, Mjomba! Namjua mpaka namba ya kiatu chake. Wewe ukaosha kabureta, ukarekebisha skrubu, na sasa injini inanguruma yenyewe kwa utulivu kama mzee aliyeshiba. Nimesimama pale tutani nikaisubiri izime. Wapi! Wenye magari nyuma yangu ndio waliowaka.

3. Klachi. Hapa ndipo uliponimaliza. Waya ulikuwa umekazwa mno, klachi ikawa inateleza: injini inapiga kelele, pikipiki haipandi. Basi yule dada alikuwa ananisukuma. Mjomba, mtu akikusukuma mlimani kila siku na kreti mbili za mikate, huyo si mtu baki. Wewe umeulegeza ule waya, na pikipiki inapanda mlima kama inafukuzwa.

4. Aibu. Jana, pale mlangoni pake, niliizima mwenyewe kwa ufunguo. Nikachuchumaa, nikapuliza plagi, nikatikisa kichwa. Akatoka, akawasha ufunguo, akapiga kiki moja tu, ikawaka. Akaniambia, "Pikipiki haina kitu. Wewe ndiye una kitu." Nikamjibu, "Labda ni mafuta machafu," nikaondoka mbio.

Kwa hiyo naomba utoboe bomba tundu la ukubwa wa harage, uichafue kabureta, na waya uukaze kama ulivyokuwa. Unipe na dhamana ya maandishi kwamba pikipiki haitavuka mlango ule ikiwa hai. Ukikataa, nitapeleka kesi kwa mama, naye ni dada yako mkubwa, unamjua mwenyewe. Mama akishindwa, itabidi uihamishe karakana nzima, uijenge mlangoni pa mshonaji, ili niwe na sababu ya kufika.

Msalimie mkazamjomba, wanao wote, mlinzi, na yule mteja wako ambaye haondoki.

Ni mimi mpwa wako, niliyetengenezewa bila kuomba,

Msambaza Mikate

N.B. Mjomba, usiguse kitu! Nakuandikia haya juu ya meza ya kukatia nguo. Nilikuwa njiani kukuletea barua, nikamkuta amesimama katikati ya barabara, futi shingoni, mikono kiunoni. Akauliza, "Kwani mpaka iharibike ndiyo unisalimie?" Akasema miezi saba ya kusukuma imemtosha, na kwa kuwa imepona, sasa anataka kupanda. Akapanda! Tumezunguka mpaka maduka manne yamekosa mikate. Jumapili nampeleka kwao nikamsalimie baba yake, na njia ya huko ni mlima mtupu, kwa hiyo kagua tu kama klachi itabeba wawili, na umfungie pa kukanyagia mguu wa kushoto. Barua hii nilitaka kuichana. Ameninyang'anya, ameisoma yote, amecheka mpaka akakaa chini, na anasema iende hivyohivyo.